Mboga za Mzazi

Nilikula vizuri sana kiangazi kile, na sikumbuki ladha ya chochote. Nakumbuka rangi: karoti zilizotoka kuoshwa mferejini, bilinganya zinang'aa kwenye beseni, mnafu wa kijani kizito. Nakumbuka joto la sahani mapajani. Ladha, hapana. Chakula kilipita mdomoni kama mtu anayekatiza uani kwa jirani, bila hodi na bila kuaga.

Nilikuwa mzazi. Huku mlimani neno hilo ni kama cheo cha mwanamke aliyejifungua, na cheo hicho kinadumu miezi mitatu. Kwa muda huo mzazi hapiki, hafagii, hachoti maji, hashiki jembe. Anakaa ndani, anakula, ananyonyesha, analala. Mpishi wake ni mama mkwe. Miezi ikiisha anaogeshwa, anavikwa nguo mpya na kupelekwa sokoni ili watu wamwone. Mimi nilipoolewa sikujua lolote kati ya hayo. Nimezaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa, kule tambarare chini ya mji wa Moshi. Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa, akasahau kurudi. Kwetu mama alimzaa mdogo wangu, na wiki haikuisha kabla hajarudi jikoni, wala hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba nitalishwa miezi mitatu nilicheka. Nilimuuliza mume wangu kama huku kwao wake hunenepeshwa kwa ajili ya mnada.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Desemba, wakati watu wa huku wanaoishi Dar es Salaam na Arusha wameanza kupanda mlima na maboksi yao kwa ajili ya Krismasi. Aliishi mpaka karibu na sikukuu. Homa ilimshika asubuhi, na jioni hatukuwa naye. Wanaume walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, mimi nikiwa ndani, kwa sababu mzazi hatoki. Nilisikia jembe likigonga jiwe. Sikulia. Watu walidhani nimepiga moyo konde, wakanisifu. Wala sikuwa nimepiga moyo konde. Ilikuwa ganzi, ile ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilinishika mwili mzima na haikuonyesha dalili ya kuachia.

Kesho yake mama mkwe aliingia na bakuli la mtori, kama alivyoingia jana na juzi.

"Mzazi, kula."

Nilimtazama nikidhani amechanganyikiwa. "Mama, mimi si mzazi tena."

"Nani amekuambia?" Akaweka bakuli kwenye kigoda. "Kula kabla hakijapoa."

Hakuwa mwanamke wa kukumbatia watu. Alikuwa mfupi, mjane, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa kumenya ndizi na kukamua ng'ombe, na maneno aliyatoa kama mtu anayetoa chumvi ya mwisho kwenye kopo. Sikujua kama ananionea huruma. Nilikula kwa sababu kula kulikuwa rahisi kuliko kubishana.

Baada ya mwaka mpya akaja shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe. Huyo alikuwa na ulimi wa pilipili na sauti ya kuitia ng'ombe. Walikaa na mama mkwe kwenye benchi chini ya dirisha langu, wakaongea Kichagga. Kila shangazi alipotaka na mimi nielewe, alihamia Kiswahili.

"Mzazi ni wa mtoto. Hapa mtoto yuko wapi? Unamlea nani? Huyu ni mgonjwa, na mgonjwa anauguzwa kwao. Mpelekeni kwa mama yake apumzike, atarudi akiwa na nguvu, atapata mwingine."

Mama mkwe naye akajibu kwa Kiswahili, "Miezi yake haijaisha."

Nyumbani kwetu nako kulikuwa na maneno. Mama yangu alimtuma mtu kuniambia nishuke. Kwetu kichanga akifa watu hawatandiki mikeka kwa siku nyingi. Unanyanyuka, unashika jembe, maisha yanaendelea. Mama yangu hakuwa na roho mbaya. Aliniitia dawa aliyoijua. Mume wangu yeye alirudi kazini. Alikuwa na biashara ya mitumba kwenye soko la Kiboriloni. Alishuka na huzuni yake alfajiri, akapandisha nayo jioni, na kati ya hapo sijui aliiweka wapi.

Hivyo swali likabaki na mimi kitandani. Kama mimi ni mgonjwa, basi yule mtoto alikuwa ugonjwa tu, na umepita. Kama ni mzazi, basi kweli nilizaa, na kweli alikuwepo. Nililiona swali hilo waziwazi na sikuweza kunyanyua hata mkono kulijibu. Nililiacha kwa mwanamke aliyekuwa anamenya ndizi upande wa pili wa ukuta.

Sasa, mtori una kazi yake. Ndizi na nyama vinapondwa pamoja, inatiwa samli, na mzazi anakunywa ili maziwa yashuke. Yakashuka. Kifua kilijaa kikawa kigumu, kikawaka moto, kanga ikalowa, na wa kuyanywa hayupo. Sehemu hiyo tu ya mwili wangu ndiyo iliyokuwa na hisia, na hisia yenyewe ilikuwa maumivu. Nilitazama maziwa yakidondoka kwenye shuka na kuwaza kwamba shuka itabidi ifuliwe.

Mama mkwe aliingia na bakuli, akaona kanga. Alisimama hapo mlangoni. Kisha akageuka na bakuli lake, akatoka, na nikasikia anamwita jirani aje achukue mtori.

Aliporudi alikuwa na kabichi. Nesi wa zahanati aliwahi kuwafundisha akina mama jambo hilo, na yeye hakuwa mtu wa kusahau jambo lenye manufaa. Alibandua majani makubwa ya nje, akayaosha kwa maji baridi ya mfereji, akayaponda mishipa kwa chupa ili yalainike, akanifunika nayo kifuani na kunifunga kanga juu. Nilijitazama: nimefungashwa kama mzigo wa gengeni. Kabichi iliyobaki aliikata nyembamba, akaikaanga na karoti na kitunguu, tukaila jioni. Kabichi moja ilitibu kifua na kulisha nyumba nzima.

Tangu siku hiyo mtori ukakoma. Na hapa inabidi nieleze, kwa sababu asiyetoka huku ataliona jambo dogo. Mama mkwe anapimwa kwa anavyomlisha mzazi. Mbuzi, samli, maziwa, supu, hivyo ndivyo vinavyotajwa njiani watu wanapotoka kukusalimia. Kumlisha mzazi mchicha ni aibu. Watasema una mkono wa birika, au humpendi mke wa mwanao. Yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote, maana na yeye alikuwa akizungukia wazazi wa watu na kutazama masufuria. Akaiacha sifa hiyo bila kunieleza neno. Alihamishia jiko lake lote bustanini.

Bustani yenyewe ilikuwa mahali palipokuwa na kahawa. Miaka ile kahawa ilikuwa imepoteza heshima yake. Ushirika ulichelewa kulipa, wanunuzi binafsi walikuja na magari yao na maneno matamu, na mwisho wa msimu mkulima hakujua amshike nani. Watu wakaanza kuing'oa kimyakimya, kwa sababu kung'oa kahawa iliyopandwa na baba yako ni jambo la kufanya bila mashahidi. Mama mkwe alisubiri mumewe atimize mwaka kaburini, kisha akang'oa mistari yote ya upande wa mfereji na kupanda mboga. Alipoulizwa alisema kahawa hailiwi.

Januari ile jua lilishuka hadi ndani ya migomba, na kwa kawaida jua la huku linaishia juu ya majani. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa alfajiri. Nilimsikia akitoka na jembe kwenda kufungua, kisha baada ya muda maji yenyewe yakaja yakipita chini ya dirisha langu kuelekea kwenye matuta. Asiyekwenda kwenye zamu yake anapoteza maji, na hakuna wa kumlalamikia. Hakukosa hata mara moja. Nilikuwa nikilala hapo nikisikiliza maji na kuwaza kwamba yanakwenda kuwa chakula changu, na wazo hilo halikunifurahisha wala kuniudhi.

Alinipikia mnafu uliochemshwa na kukaangwa kwa nyanya, bila maziwa aliyozoea kuutia. Bilinganya alizichoma kwenye makaa mpaka ganda likapasuka, akazimenya akipuliza vidole, akazisaga na nyanya na pilipili. Majani ya maboga aliyamenya nyuzi moja moja, akayapika kwa karanga. Nyanya chungu, matembele, maharage mabichi na maganda yake, mchicha uliokatwa dakika ile ile na kuingia sufuriani bado una maji. Mafuta ya kula hayakuwa tabu tena. Duka la njia panda lilikuwa nayo ya kila aina, na wale tuliokumbuka foleni za miaka ya uhaba tulikuwa bado tunayaangalia kwa mashaka. Ndizi hazikukosekana pembeni. Kumwambia mama mkwe apike bila ndizi ni kumwambia padri asome misa bila mkate.

Yote hayo niliyala. Nilijua kwamba kitunguu kinakaangwa kama unavyojua kwamba nyumba ya pili kuna redio. Maziwa yalipungua, kifua kikalainika, maumivu yakaisha, na baada ya hapo sikuwa na kitu chochote cha kuhisi. Watu walikuja kunisalimia. Waliuliza nimeamkaje, wakasema jua mwaka huu limezidi, wakaondoka. Mtoto hakutajwa. Mama mkwe hakumtaja, mume wangu hakumtaja, na mimi sikumtaja. Nadhani kwao ilikuwa heshima, na kwangu sijui ilikuwa nini.

Siku moja mama mkwe aliniuliza, akiwa amenipa kisogo, "Kwenu jua likiwa kali hivi mama yako anapika nini?"

"Mlenda," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

Baadaye niligundua kwamba sokoni alimtafuta mwanamke kutoka kambi za miwa na kumhoji mpaka akamchosha. Alirudi na bamia na magadi, akachuma majani ya maboga, akajifungia jikoni. Inaelekea mambo yalikwenda vizuri mpaka mlenda ulipoanza kuteleza na kuvutika, kama inavyotakiwa. Hapo akashtuka. Kwa maisha yake yote chakula kinachovutika kilikuwa chakula kilichochacha. Akaamua kukiokoa kwa njia pekee aliyoijua: akachemsha ndizi, akaziponda, akazichanganya humo na kupiga kwa mwiko mpaka kikashikana.

Aliniletea na ugali. Kilikuwa na rangi ya sementi mbichi.

"Chakula chenu," alisema, na nikaona anajitahidi asionyeshe kwamba anajivunia.

Nilimega ugali, nikachovya, nikavuta. Kitu kile kilikuja chote kwa pamoja kutoka kwenye bakuli, kikaning'inia mkononi, hakitaki kuteleza na hakitaki kubaki. Nikacheka. Kicheko kilitoka chini ya kitovu na kunitikisa mbavu, na kilinishtua hata mimi mwenyewe, maana sikuwa nimetoa sauti ya namna ile tangu kabla ya Krismasi.

"Unacheka chakula?"

"Mama, umetia ndizi."

"Sasa nisipotia ndizi kitashikwa na nini?"

"Hakishikwi, mama. Ndivyo kilivyo."

Alichungulia bakuli kwa muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, tukacheka wote wawili mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilikula bakuli lote. Nisidanganye nikasema nilipona siku hiyo. Kicheko kilipita, ganzi ikarudi mahali pake. Ila niligundua kwamba nilikuwa nampenda yule mwanamke, na hilo nililijua kwa akili tu, kama unavyojua kwamba leo ni Alhamisi.

Mwishoni mwa Februari alianza kuniweka mlangoni pa jiko na kunipa ungo wa mnafu nichambue. Nilimkumbusha kwamba mzazi hapiki.

"Kuchambua si kupika," akaamua.

Nikachambua. Unavunja majani laini, unaacha mabua magumu, unatupa maua na vile vitunda vyeusi. Vidole vilijua kazi hiyo bila mimi. Kuku walikuja miguuni, tukakaa hivyo asubuhi nzima, yeye anakata, mimi nachambua.

Machi ilipoingia, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mlima na miezi yangu ikawa imetimia. Shangazi akaja tena. Safari hii hakuhangaika na Kichagga.

"Nimesikia unataka kumtoa. Utampeleka sokoni na nini mgongoni? Mzazi gani anatoka mgongo mtupu? Utatuchekesha."

Mama mkwe alikuwa anaparua karoti. "Nimemlisha miezi yake yote," alisema. "Nitamtoa."

"Kama mzazi?"

"Kama nani mwingine?"

Shangazi aliondoka bila kunywa chai, na katika nyumba ile mtu hakuwahi kutoa tusi kubwa kuliko hilo. Mimi nilikuwa nimekaa na ungo wangu. Nilitaka kusema kwamba shangazi ana haki, tuache, nitashuka kwa mama yangu. Nilitaka pia kusema asante. Nikaendelea kuchambua.

Asubuhi ya kutoka mama mkwe alinichemshia maji na majani ya kunukia, akaniogesha kama mtoto, akanipaka mafuta mpaka visigino. Mume wangu alileta gauni la bluu. Alikuwa amelipata ndani ya robota la mitumba, likiwa bado na kikaratasi cha dukani kwenye kola, akalificha wateja wasilione. "Hili halijavaliwa na mtu," alisema, akanipa. Akatoka kwenda kufungua biashara yake.

Soko letu la akina mama lilikuwa mwendo mfupi chini ya barabara, na kila siku ya soko lilikusanya watu wa vijiji vingi. Mama mkwe alitangulia, mimi nikafuata na kikapu kitupu. Desturi ni kwamba wanawake wakimwona mzazi aliyetoka humwita, humpongeza, humwekea chochote kikapuni kutoka kwenye mafungu yao. Wa kwanza walitusalimia, wakatazama mgongo wangu, wakarudi kutazama vitunguu vyao. Wa karibu walijua na waliinamisha macho. Wa mbali hawakujua na waliona haya kuuliza. Tulipita katikati yao polepole, kwa sababu mama mkwe hakukubali kuharakisha, na kikapu kiliendelea kuwa kitupu. Nilihisi uso unanichoma. Niliwaza kwamba sasa jibu limepatikana, shangazi alisema kweli, mimi ni mgonjwa aliyevalishwa gauni.

Karibu na mwisho wa mstari alikaa bibi mmoja muuza karoti ambaye sikuwahi kumwona.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akamgeukia mama mkwe. "Huyu ndiye mzazi wako?"

"Ndiye."

"Na mtoto?"

"Tumemzika," alisema mama mkwe. "Mama yake ndiye huyu, nimemtoa."

Wanawake wa pande zote waliinua vichwa. Bibi alifuta mikono kwenye kanga yake, taratibu, akanitazama mimi.

"Pole, mzazi," akasema. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Tangu siku ile, katika watu wote walioingia na kutoka chumbani kwangu, hakuna.

"Wa kike."

Mama mkwe aligeuka akanitazama.

"Wa kike," nikasema. "Alikuwa na nywele nyingi. Alikuwa na kidole kidogo kimepinda, kama cha baba yake. Alikuwa akishiba anapiga chafya." Nilikuwa nalia, nalia vibaya, kamasi na yote, kwenye gauni jipya, na iliniuma kila mahali, na sikutaka mtu aninyamazishe. Hakuna aliyeninyamazisha. Bibi aliinuka na fungu la karoti, na wa jirani yake naye akainuka. Mama mkwe alinipokea kikapu akakishika kwa mikono miwili, wanawake wakawa wanakuja mmoja mmoja kuweka mboga zao, na mimi nikaendelea kuwaambia habari za binti yangu.